Kitabu cha Gari la Mkunga

Wifi hatakiwi kumsifu wifi mwenzake, na mimi kwa muda mrefu niliishika sheria hiyo vizuri sana. Mke wa kaka yangu nilimwona mwembamba mno, mkimya mno, na chumvi yake ya mchuzi haikuwa na msimamo. Lakini tumeishi ua mmoja, mlango wangu ukitazamana na wake, na haya ya gari la mkunga niliyaona kwa macho yangu yote mawili. Nitayasema kama yalivyokuwa. Akitokea wa kuyasema vizuri zaidi, aje, kiti kipo.

Mtaani wanamwita Mama Pindo. Ni mshonaji, na jina hilo alilipata kwa ukaidi wake: pindo la nguo halipitishi kwenye cherehani hata umpigie magoti, lazima alishone kwa mkono. Bibi harusi mmoja aliwahi kukaa kibarazani kwetu analia, nywele zimeshatengenezwa, gari la kumchukua linapiga honi barabarani, na Mama Pindo ameinamia gauni anachoma sindano taratibu kana kwamba harusi ni ya mwaka ujao. Nikamwambia, "Wifi, huyu mtoto ataachwa!" Akanijibu bila kuinua uso, "Pindo la mashine hukakamaa. Ataolewa na pindo lililolala." Na kweli aliolewa nalo.

Kaka yangu alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa fundi wa magari, na mdomo wake haukuwa na breki. Mtaa mzima ulimwita Redio. Watu wa mbali waliposikia kuna Fundi Redio walimletea redio zao zilizokufa, naye hakuwarudisha. Aliwakalisha kwenye tairi, akawapigia hadithi mpaka wakasahau kilichowaleta. Baadhi ya redio hizo ziko stoo mpaka leo, na wenyewe hawajarudi.

Karakana yake ilikuwa pale pale uani, chini ya mabati aliyoyaegemeza kwenye ukuta wa jiko langu, kwa hiyo chakula changu kilikuwa na harufu ya oili na mimi ndiye niliyelaumiwa. Hakuwahi kufungua kitabu cha gari maishani mwake. Jirani yetu mmoja, fundi pia, tunayemwita Nati kwa sababu ya ufupi wake na ugumu wake wa kutoa, alikuwa na vitabu vichache, na Redio alimcheka hadharani. "Mtazameni huyu! Mgonjwa anataka dawa, yeye anamsomea kitabu! Gari halisomwi, bwana. Gari husikilizwa." Kisha aliinamisha sikio juu ya injini, akafumba macho, na huo ndio ulikuwa wakati pekee tuliomsikia kimya.

Gari la mkunga lilikuwa la zamani, lenye pua ndefu na milango ya kufunga kwa nguvu. Mkunga mwenyewe amestaafu, lakini nani mtaani kwetu hakupita mikononi mwake? Wanangu wote yeye ndiye aliyewapokea. Gari hilo lilimpeleka kwa wajawazito usiku na mchana, na hata baada ya kustaafu bado watu walimwita, naye bado alikwenda. Lilipoanza kuchoka alilileta kwa Redio, na Redio akaamua kuifumua injini yote. Vipande akavipanga kwenye mabeseni ya bati, mabeseni yangu, bila kuniomba.

Kiharusi kilimkuta katikati ya sentensi. Mkunga alikuja kutazama maendeleo, Redio akawa anamsimulia habari ya mtu aliyeuza gari lake akasahau kwamba mama mkwe amelala kiti cha nyuma. Alifika mahali mnunuzi anafungua mlango, akasema, "Basi yule mama akaamka, aka—", akanyamaza. Tulicheka. Tulidhani anatungojesha, maana ndiyo ilikuwa tabia yake. Mkunga ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza, akamdaka kabla hajafika chini.

Aliporudi kutoka hospitali, mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa, na kinywani ilibaki sauti moja tu: "Eee." Daktari alitueleza vizuri. Alisema mgonjwa anaelewa kila kitu, anatutambua, akili yake iko pale pale, maneno ndiyo hayatoki. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Kwa mtu mwingine ningesema afadhali. Kwa kaka yangu niliona heri angepoteza macho.

Tulimkalisha kwenye kiti chenye mikono, chini ya mabati, akitazama mabeseni. Mwanzoni watu walikuja wengi, na matunda. Baadaye wakaja wachache. Halafu wakaja wenye magari yao kuyaondoa, mmoja mmoja, wakisema pole huku wanasukuma. Likabaki la mkunga peke yake, limeachama mdomo, na wapita njia wakawa wanasema bila hata kushusha sauti: "Si lile pale? Redio aliliua la mkunga, na yeye akafuata." Anawasikia! Mtu anaelewa kila kitu, kakaa hatua chache kutoka barabarani, na wao wanasema.

Nati alijitolea kulivuta mpaka kwake alimalizie. Mkunga akakataa. "Gari langu liko kwa fundi wangu," alisema, akaondoka kwa miguu. Nikadhani Mama Pindo atamshawishi akubali, tuoshe uwanja, maisha yaendelee. Badala yake alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kibao, akasema jambo refu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

"Wifi, nguo ikifumuliwa lazima ishonwe. Mume wangu amefanya kazi maisha yake yote, halafu jina lake la mwisho liwe ni gari lililofumuliwa likaachwa? Sikubali. Nati akilifunga, litakuwa gari la Nati. Nataka litoke hapa, mbele ya macho yake, watu waseme fundi amelitoa."

"Na nani atalifunga?"

"Mimi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Alisema tu kwamba anahitaji kitabu.

Basi tukaanza kutafuta kitabu, na kukitafuta kulikuwa kazi kuliko kutafuta mume. Duka la vitabu lilikuwa na vya shule na vya dini. Muuzaji, kwa huruma, akatuletea kimoja cha kufundishia alama za barabarani. Mtaani kwa wauza vipuri walituzunguka kwa utani. "Mama, gari hilo hata waliolitengeneza wamelisahau!" Kwenye ofisi moja yenye zulia na baridi ya mashine, kijana mwenye tai alitwambia vitabu vya miaka hiyo walishavitupa, wakabaki na vya magari yanayotengenezwa kwa kompyuta. Mama Pindo alimshukuru. Mimi sikumshukuru.

Dada mmoja wa duka la kutolea nakala alitusaidia kwa moyo. Alikipata kwenye mtandao, akakichapa, rundo zima, kurasa zingine zimekolea wino na zingine zimepauka. Tulirudi nyumbani tukiwa wafalme. Mama Pindo aliliweka rundo mapajani mwa mumewe. Redio alitazama ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akalisukuma rundo lote chini kwa mkono wa kushoto. "Eee," sauti ikashuka, nzito. Tukaokota. Kumbe kweli jina la gari lilikuwa lile lile lakini injini ilikuwa nyingine, changa zaidi, yenye vitu ambavyo kwenye mabeseni yetu havikuwepo. Nilikasirika kwa jasho letu. Mama Pindo alikuwa ametabasamu.

"Umeona, wifi? Amekisoma."

Mwishowe tulielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa mtunza stoo wa magari ya serikali. Alitupokea, akatusikiliza, akaingia chumbani, akatuita. Kitabu kilikuwa chini ya kabati lake la nguo, kimeshika nafasi ya mguu uliovunjika. "Nilikabidhiwa," alisema. "Wakafunga karakana, hakuna aliyekuja kukichukua. Nisingekitupa kitu nilichokabidhiwa." Ilibidi tuinue kabati watatu, tukaingiza tofali, na mkewe akatulaumu kwamba sasa linainama upande wa pili.

Kilikuwa kinene, jalada gumu, kimeingia shimo la mviringo katikati kwa uzito wa kabati. Na kilikuwa kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua hata herufi zake. Nilikata tamaa papo hapo. Lakini michoro yake! Kila kipande cha injini kilichorwa peke yake, kimeachana kidogo na mwenzake, na mstari mwembamba ukionyesha kinapokwenda. Mama Pindo alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha wenyewe, akafunua, akafunua.

"Wifi," akaniambia, "hii ni nguo."

"Nguo gani tena?"

"Imekatwa, haijashonwa. Hii mikono, hii kola, hapa kiuno. Nguo zote huchorwa hivi kabla hazijaungwa. Maneno ya nini?"

Redio alipowekewa kitabu kile hakukisukuma. Aliweka kiganja juu ya ukurasa, akakiacha hapo, na machozi yakamtoka upande mmoja na mwingine. Yeye aliyewacheka watu kwa vitabu vyao.

Sasa nitawaambia juu ya siku nzuri, maana zilikuwepo. Mama Pindo alishona asubuhi, na mchana ukipungua jua alivua kipimo shingoni, akafunga kitambaa kichwani, akaingia chini ya mabati. Meza ya kushonea ikawa meza ya injini. Alifungua kitabu, akamwonyesha mumewe mchoro, naye akanyoosha kidole kwenye beseni. "Eee" fupi ya kupanda ilikuwa ndiyo. "Eee" ndefu ya kushuka ilikuwa hapana. Kila kipande alikisafisha kwa mafuta ya taa, akakipa kitambaa cha rangi chenye mshono wa alama, akijua chekundu huenda na chekundu. Sikuwahi kuona injini iliyovaa vizuri namna ile.

Nati alikuja kuazimisha spana, akasimama akishangaa. "Shemeji, ukimaliza hapa uje unishonee giaboksi."

"Lete kitambaa," akamjibu.

Redio akacheka. Nusu ya uso ilicheka, nusu ilibaki, lakini lilikuwa cheko lake lile lile la mabega. Na watu wakaanza kurudi. Mtu akipita alisimama barabarani akaita, "Fundi, kazi inaendaje?" Naye akajibu "Eee!" na kuinua mkono. Si mke wake waliyemwita fundi, ni yeye. Mama Pindo alikuwa akiinama zaidi kwenye kazi waliposema hivyo, ili wasimwone uso. Nilimpenda siku hizo. Nasema wazi, wifi yangu nilimpenda.

Siku ya ringi ilikuwa ya kawaida. Ringi ni zile duara nyembamba za chuma zinazovaa kwenye pistoni, mpya tulizipata kwa taabu, na Mama Pindo alizitandaza juu ya kitambaa cheupe. Alishazoea kazi kufikia hapo, na mtu akishazoea haulizi kila hatua. Kitabuni palikuwa na mchoro wa pistoni na ringi zake, na chini yake kisanduku chenye mistari ya herufi nene. Tulidhani ni maneno ya kiwanda kujisifu. Kila ringi ilikuwa na alama ndogo usoni, nukta ya kuonekana kwa shida. Mama Pindo aliiona, macho yake ni ya sindano. Kwenye nguo, alama ya chaki hukaa upande wa ndani, asiione mvaaji. Basi akazigeuza zote, alama zikatazama chini, akaanza kuzivisha. Mimi nilikuwa pale nachambua mboga, nikaona ni sawa kabisa.

"Eee!" akasema Redio.

"Nakuja, Baba watoto."

"Eee! Eee!" Akapiga fimbo chini.

Mkewe alimletea chai, Redio akaisukuma. Akamuuliza kama anataka kujisaidia, kama anaumwa, kama jua linampiga. Kwa kila swali ilikuwa ile ndefu ya kushuka. Akanyoosha kidole kwenye pistoni. "Ndiyo, pistoni, naiona, ni nzuri," Mama Pindo akamwambia kwa upole, kama unavyomwambia mtoto kwamba mwezi umeuona. Redio akamshika gauni akalivuta. Kisha akalipiga beseni teke kwa mguu wake mzima, likapinduka, na kelele yake ikamtoa jirani nje. Tukasema amechoka. Tukamwingiza ndani, mimi mkono huu na mkewe mkono ule, akiwa anakakamaa njia nzima, na nilikuwa na michubuko yake kwa siku kadhaa. Alipotolewa tena kesho yake, pistoni zilikuwa zimeshaingia kwenye silinda zao na chini kumeshafungwa. Alizitazama muda mrefu.

Halafu gasketi ikapotea. Ni kile kipande bapa chenye matundu kinachokaa kati ya injini na kichwa chake. Bila hicho hufungi. Tulipekua mabeseni, tukapekua vitambaa. Nikashukiwa mimi kwamba nimefunikia sufuria. Ilikuwa chini ya godoro la Redio, niliiona nilipobadilisha mashuka. Jinsi alivyoifikisha kule kwa mguu mmoja na mkono mmoja bila kuipinda, Mungu ndiye anayejua.

Nati alipoelezwa alitikisa kichwa. "Shemeji, usimlaumu. Gari hili likiondoka, nani atasimama tena hapo barabarani kumsalimu? Atabaki na nini? Hataki liishe." Maneno yalikuwa na busara, na wote tuliyakubali. Mama Pindo alilia kidogo. Akakaa karibu na mumewe, akamwahidi kwamba watapata gari jingine, kwamba watu wataendelea kuja. Yeye akamjibu kwa ile ndefu ya kushuka, na sisi tukaona anazidi kukataa gari liondoke.

Siku ya kufunga kichwa cha injini mkunga alikuwepo, na mimi, na majirani wawili watatu wa kushuhudia. Nati alikuwa na kazi kwake. Mama Pindo alilaza gasketi mahali pake, taratibu, akaipapasa kingo. Alipogeuka kuchukua kichwa cha injini, Redio akasimama. Hatukuwa tumemwona akisimama peke yake tangu augue. Aliegemea injini kwa tumbo, akatumbukiza mkono wake wa kushoto ndani ya silinda, kiganja juu ya pistoni, akaubakiza humo.

"Toa mkono," mkewe akamwambia.

"Eee."

"Baba watoto, toa mkono, watu wanatazama."

Akautia ndani zaidi. Alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka, na macho yake yamemkazia mkewe.

Ulimi hauna mfupa. Mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, hata kwa wateja wasiojua kiuno chao kiko wapi, alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Toa mkono! Maisha yote uliongea wewe, mimi nasikiliza. Leo nafanya mimi, imekuwa nongwa? Unataka nizeeke na mzoga huu uani? Wewe umeshakwisha! Umeshakwisha, mwache mwenzako amalize!"

Redio alimtazama kidogo. Akautoa mkono, ukiwa mweusi wa oili, akakaa. Mkunga aliinamisha uso akitazama viatu vyake. Mama Pindo alifunga kichwa cha injini, bolti baada ya bolti, kuanzia katikati kwenda pembeni kama mchoro ulivyoonyesha, na alifunga vizuri. Jioni alimwosha mumewe mkono ule kwa sabuni na maji ya moto, akiomba radhi. Naye alimwachia mkono bila kumtazama.

Gari likawaka. Siwezi kusema uongo, liliwaka, na mtaa mzima ukajua. Mkunga alikuwa kwenye usukani, vigelegele vikapigwa, watu wakaja kumshika Redio bega: "Fundi! Umelitoa, Fundi!" Hicho ndicho Mama Pindo alichokuwa akikitaka, na alikipata kwa siku moja nzima. Nyuma ya gari ulitoka moshi wa bluu. Nati, aliyefika amechelewa, alisema, "Hiyo ni oili iliyopakwa wakati wa kufunga, itajichoma, itaisha." Wote tuliridhika. Redio peke yake alikuwa akiutazama ule moshi. Halafu akafumba macho, na hakuyafumbua hata mkunga alipomshukuru.

Tangu hapo hakusema "Eee" ya kupanda wala ya kushuka. Tulisema amenuna kwa sababu gari limeondoka. Mama Pindo alimtafutia jingine, la jirani, lenye hitilafu ndogo ya plagi, akaliweka mbele yake na kitabu juu ya mapaja. Hakukifungua.

Kiharusi cha pili kilikuja kimya. Hakikuugusa mkono wala mguu, kilichukua kule ndani. Aliamka asubuhi akamtazama mkewe kama unavyomtazama mtu mliyekaa naye foleni. Daktari safari hii hakusema kwamba anaelewa. Alisema tumpe chakula laini na tumgeuze mara kwa mara.

Mkunga alirudi na gari baada ya hapo. "Sikuja kulalamika," alisema, "nimekuja kumwonyesha fundi wangu. Moshi haujaisha, na linakunywa oili kuliko petroli." Hakuwa ameelezwa habari za Redio. Tulipomweleza, alikaa kwenye ngazi, akasema gari si kitu, liacheni. Lakini Mama Pindo alimwita Nati, akamwomba lifunguliwe pale pale uani na si kwingine.

Nati alifungua. Alichomoa pistoni ya kwanza, akaifuta, akavua ringi, akaielekeza kwenye mwanga. Akachomoa ya pili.

"Shemeji, nani aliyezivisha hizi?"

"Mimi."

"Alama hii hukaa juu. Wewe zote umezigeuza. Zinakwangua oili kuipandisha badala ya kuishusha." Akaongeza kwa upole, "Si kosa kubwa, shemeji. Hata mafundi hulifanya. Mtu akikuona unazivisha atakuzuia tu."

Mama Pindo alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia. Kikamponyoka. Nami nilikuwa nimeshaelewa, wote wawili tulielewa kwa pamoja, na natamani isingekuwa hivyo. Ile chai iliyosukumwa. Lile beseni. Ile gasketi chini ya godoro. Ule mkono ndani ya silinda, mtu aliyekufa nusu amesimama juu ya mguu mmoja anazuia injini isifungwe vibaya. Tulidhani analizuia gari lisiondoke. Alikuwa anafanya kazi yake. Alikuwa fundi kuliko sote tuliokuwepo, alisema kwa kila alichobakiwa nacho, na tukamwambia amekwisha.

Mama Pindo aliichukua ringi moja mkononi mwa Nati, akaingia chumbani. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikaishia hapo. Alipiga magoti kando ya kitanda, akafungua kiganja cha mumewe cha kushoto, akamwekea ringi ile, nukta ikiwa chini kama alivyoikosea.

"Baba watoto. Nilizigeuza. Uliniambia, na uliniambia vizuri, mimi ndiye sikusikia. Unasikia? Wewe hukukosea kitu. Mimi ndiye sikusikia."

Akangoja. Nikangoja na mimi pale mlangoni, nikiomba, sijui nikiomba nini, pengine kidole kimoja tu kiigeuze. Redio aliitazama ringi. Aliipeleka mdomoni akaanza kuilamba, kama mtoto anayeota meno. Mama Pindo aliitoa taratibu, akamfuta midomo, akaifuta ringi kwa gauni lake. Akaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti ile ile, maneno yale yale: Baba watoto, nilizigeuza. Alimwambia hivyo mara nyingi sana. Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa cha kichwa changu nisisikike.

Alipotoka nje alikuwa ameshanyooka. Nati alikuwa bado amechuchumaa kando ya pistoni, na mkunga amesimama. Nati akauliza, nadhani kwa heshima tu, kwa sababu ni lazima mtu aseme kitu: "Fundi amesemaje?"

"Alama zote ziwe juu," Mama Pindo akamjibu, akampa ringi. "Alishasema tangu siku ile."